Swali: Nichague jarida kwa impakti fakta, au nibadilishe mada kabisa?

SWALI: Shikamoo Daktari. Nasoma masta ya tabia za wanyama na nimemaliza kukusanya data za ubabe kwa kuku, yaani nani anamdonoa nani na inachukua muda gani mpaka mpangilio utulie, kwenye makundi madogo na makubwa. Supavaiza anasema mada imezeeka, trendi sasa ni akili mnemba na haiba za wanyama, kwa hiyo haitapata impakti. Wakati huohuo nimepokea imeli ya jarida moja "la kimataifa", impakti fakta 7.842, wanachapisha ndani ya siku saba na nikiwahi kulipa kuna punguzo. Majarida ya tabia za wanyama niliyoangalia yana 2, mengine 1 na kitu. Nibadilishe uchambuzi uendane na trendi, au nitume huko kwenye 7?

JIBU: Marahaba. Huko kwenye 7 usitume, sababu ntakueleza huko chini, ila kwanza nitoe dukuduku langu maana hili swali linakuja kila msimu wa wanafunzi kumaliza, kinachobadilika ni mnyama tu, leo kuku kesho popo. Nani aliwaambia impakti fakta ni maksi ya pepa? Ile ni namba ya jarida zima. Pepa yako haina impakti fakta, haijawahi kuwa nayo na haitakuwa nayo, hata ichapishwe wapi.

Hesabu yenyewe ni fupi. Unachukua mara ambazo pepa za jarida za miaka miwili iliyopita zimenukuliwa mwaka huu, unagawa kwa idadi ya pepa hizo. Jarida limetoa pepa 200 ndani ya miaka miwili, zimenukuliwa mara 500, impakti fakta ni 2.5, imeisha. Wazo lilianza na Eugene Garfield mwaka 1955 na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kusaidia kuchagua majarida ya kuingiza kwenye faharasa ya nukuu, baadaye wakutubi wakaitumia kuamua walipie lipi na waache lipi. Siku hizi inatolewa na kampuni ya Clarivate. Sasa niambie kwenye hiyo fomula ni wapi mtu amekaa akasoma pepa yako.

Halafu ni wastani, na wastani wa nukuu unadanganya kwelikweli kwa sababu pepa chache ndo zinabeba jarida na nyingi zinakaa chini ya wastani. Kuna mfano mmoja huwa natoa kila darasa. Jarida la Acta Crystallographica Section A, la watu wa fuwele, lilikuwa na impakti fakta ya 2.051 kwa mwaka 2008. Mwaka uliofuata ikaruka hadi 49.926. Kisa nini? Pepa moja ya 2008 inayoeleza programu za SHELX, ambazo karibu kila mtu wa fani ile anatumia kwa hiyo kila mtu anainukuu. Moja tu. Pepa hiyo ilipotoka kwenye dirisha la miaka miwili, namba ikarudi kwenye 2 na kitu. Je wale wengine waliochapisha humo kipindi hicho waligeuka magwiji kwa mwaka mmoja halafu wakaacha kuwa magwiji?

Fani yetu ndo inaumia zaidi. Sisi ni wachache ukilinganisha na watu wa saratani au jenetiki, na kazi zetu ni za polepole, mtu anakaa msituni misimu mitatu, anachambua mwaka mzima, anaandika, anakataliwa, anaandika tena, mpaka pepa yake inayonukuu ya kwako itoke lile dirisha la miaka miwili limeshafungwa zamani. Kwa hiyo nukuu nyingi tunazopata hazihesabiki humo kabisa. Chukua Animal Behaviour, lilianza 1953 kwa jina la British Journal of Animal Behaviour na ni jarida ambalo hakuna mtu wa fani hii asiyelijua: nusu ya nukuu zinazolipata zinaenda kwa pepa zenye umri wa zaidi ya miaka 10. Ukiona 2 pale ujue unaona kasi ya fani, huoni ubora.

Mwaka 1974 Jeanne Altmann, mtafiti wa nyani wa Amboseli, alichapisha pepa ya mbinu kwenye jarida la Behaviour, lile aliloanzisha Tinbergen na wenzake mwaka 1948. Anaeleza namna ya kuangalia wanyama bila kujidanganya: lini umfuate mnyama mmoja kwa muda maalumu, lini upitie kundi zima kwa vipindi, na kwa nini kuandika tu chochote kinachokuvutia macho kunaharibu data. Imenukuliwa zaidi ya mara 10,000 na bado inanukuliwa leo, na nina uhakika umeinukuu au unatakiwa kuinukuu. Hilo jarida impakti fakta yake ni ndogo, wewe ungelipita bila kugeuka.

Sasa trendi. Simpingi supavaiza wako mbele yako, kuna kitu ana haki nacho, fani ina mawimbi kweli. Zamani ilikuwa silika na vichocheo, kina Lorenz, Tinbergen na von Frisch wakapata Nobel 1973. Hamilton na hesabu zake za undugu za 1964 zikaleta wimbi la kuuliza tabia ina faida gani kwa mnyama. Miaka ya 2000 ikaja haiba. Sasa hivi ni kamera, vifaa vya kufungwa mwilini, na programu za kujifunza zenyewe kama DeepLabCut ya 2018 inayofuatilia viungo vya mnyama kwenye video bila kumbandika alama. Vyote vizuri. Lakini trendi ya kifaa ni kitu kimoja na trendi ya swali ni kingine, na mwanafunzi anayekimbiza trendi kwa kawaida anakamata kifaa bila swali, naletewa pepa ina video za masaa na masaa, grafu za kupendeza, halafu nauliza ulitaka kujua nini, kimya.

Eti ubabe wa kuku umezeeka. Thorleif Schjelderup-Ebbe aliandika kuhusu mpangilio wa kudonoana mwaka 1922, na zaidi ya miaka 100 baadaye watu bado wanagombania namna ya kuupima, tena sasa kwa Elo, ile mbinu ya kupanga wachezaji wa chesi, inayokuonyesha cheo cha kila kuku kikipanda na kushuka siku hadi siku. Swali lako la muda wa kutulia na ukubwa wa kundi linakaa vizuri kabisa hapo.

Ila hiyo ya kugeuza uchambuzi uwe wa haiba, hapana, na hapa sibembelezi. Haiba ya mnyama maana yake tofauti kati ya mmoja na mwingine inayodumu, kwa hiyo lazima kila kuku awe amepimwa tabia ileile zaidi ya mara moja, katika nyakati tofauti, ndipo upime kama matokeo yake yanajirudia. Kama kila kuku ulimpima ushupavu mara moja, huna haiba, una kuku aliyekuwa na njaa siku hiyo au aliyetoka kudonolewa. Huwezi kuitoa kwenye data kitu ambacho hukukiweka wakati unakusanya, na mpitiaji yeyote aliye macho, yaani mtaalamu anayesomea jarida pepa yako kabla haijakubaliwa, atakukamata ukurasa wa pili.

Na trendi huwa inavuta wengine pabaya zaidi. Mwaka 2020 haiba ya buibui, iliyokuwa moto kwelikweli, iliingia kwenye kashfa: The American Naturalist waliondoa pepa kwa ombi la waandishi wenyewe baada ya kugundua kwamba namba kwenye data, ambazo mwandishi mwenza mwingine ndiye aliyekuwa amewaletea, zinajirudia kwa mafungu kwa namna isiyoelezeka, na nyingine kadhaa zikafuata kwenye majarida mengine. Waliweza kuligundua kwa sababu data zilikuwa wazi kwenye hazina ya umma. Majarida yaliyozichapisha pepa hizo yalikuwa ya heshima, nukuu zilikuwepo, impakti ilikuwepo.

Badala ya kuwaza namba ya jarida, hebu waza namba ya makundi yako. Swali lako ni la kundi, kwa hiyo sampuli yako ni kundi. Kama una kuku 120 ndani ya makundi sita, una sampuli sita, huna 120, kwa sababu kuku wa banda moja wanaambukizana tabia na mmoja akiwa mkorofi ameharibu wote. Hili kosa Hurlbert aliliita pseudoreplication mwaka 1984 na mpaka leo ndo sababu namba moja mimi kukataa pepa. Eleza pia kuku walitoka wapi, umri, walilelewaje, walishawahi kuonana kabla au la (soma fremu ya STRANGE ya Webster na Rutz, 2020, inasomeka kwa jioni moja). Na aliyehesabu midonoo kwenye video alijua kundi lipi ni lipi? Kama alijua, tafuta mtu asiyejua arudie sehemu. Hayo ndo yanafanya pepa inukuliwe, watu wananukuu kitu wanachoweza kukiamini na kukitumia.

Jarida utalipata kwa kuangalia orodha yako mwenyewe ya marejeo: wale unaowanukuu sana wanachapisha wapi? Ubabe na makundi unaingia Animal Behaviour, Ethology au Behaviour, ukielemea ustawi wa kuku wafugwao basi Applied Animal Behaviour Science. Soma pepa tano za karibuni za humo kabla hujatuma.

Sasa hao jamaa wa 7.842. Kwanza, tangu 2023 Clarivate wanatoa impakti fakta kwa desimali moja tu. Moja. Mtu anayekutangazia ya mwaka huu kwa desimali tatu ama hajui anachouza ama ameinunua kwa wale wauza namba wanaojipa majina yanayofanana na impakti fakta halisi, wapo wengi, unawalipa wanakutungia. Pili, siku saba. Mimi nikiombwa kupitia pepa natumia wiki kadhaa, na kumpata mpitiaji tu kunaweza kuchukua mwezi, sasa hao wataalamu wao wanakaa wapi ambao hawana kazi nyingine? Nikisema hivi naambiwa "lakini Daktari lina ISSN". ISSN ni namba ya utambulisho, hata jarida la mapishi linayo. "Lina DOI." DOI, ile namba ya kudumu ya makala mtandaoni, inalipiwa. "Lipo Google Scholar." Google Scholar inazoa kila kinachofanana na pepa. Ingia kwenye orodha ya Clarivate yenyewe, Master Journal List, ni bure, tafuta kwa ISSN, na kama ni la kusoma bure angalia DOAJ, orodha ya majarida ya aina hiyo.

Na uangalie siku unayotuma, usitegemee ushahidi wa mwaka juzi. Machi 2023 Clarivate waliondoa zaidi ya majarida 50 kwenye faharasa zao kwa mkupuo, na mwaka huohuo Hindawi, wachapishaji wa majarida walio chini ya kampuni kubwa ya Wiley, waliondoa zaidi ya pepa 8,000 zilizokwisha kuchapishwa. Kuna na majarida yaliyotekwa, matapeli wanatengeneza tovuti inayofanana na ya jarida halali, jina lilelile, ISSN ileile, wewe unalipa unafurahi. Usifuate linki ya kwenye imeli, anzia kwenye tovuti ya chama au mchapishaji mwenyewe. Mwaka 2019 mahakama ya Marekani iliiamuru OMICS, kampuni ya kuchapisha majarida, kulipa zaidi ya dola milioni 50 kwa kudanganya watafiti kuhusu mapitio na ada, lakini wengine wanazaliwa kila siku.

Wabaya zaidi kwangu ni mawakala, wale wanaokutafuta kwenye simu wakuuzie nafasi ya jina kwenye pepa iliyokwisha kukubaliwa, eti mwandishi wa tatu bei hii, wa kwanza bei ile. Wateja wao ni watu wazima, wengine walimu, wanaohitaji kupanda cheo kwa kamati zinazojumlisha impakti fakta kama mahesabu ya dukani, ingawa tamko la DORA limekuwepo tangu 2013 likisema msipime mtu kwa namba ya jarida. Pepa hiyo ikija kuondolewa, jina linalobaki kwenye tangazo ni lako, wakala ameshabadilisha laini.

Kama ulishawatumia drafti hao wa siku saba, usisaini fomu yoyote ya hakimiliki na usilipe hata kidogo. Andika leo, imeli fupi, naondoa makala yangu, mkopi supavaiza, hifadhi ushahidi. Watakujibu kwamba kuna ada ya kuondoa. Usilipe na hiyo, na kama wataichapisha bila ruhusa yako, ile imeli yenye tarehe ndo utakayompelekea mhariri wa jarida la kweli pamoja na makala yako, umweleze kilichotokea kabla hajakigundua mwenyewe.