Mkianza kutembeza wageni Berlin, msikimbilie Ukutani

Wadogo zangu mnaoanza kutembeza wageni wetu hapa Berlin, karibuni kazini. Kundi likitoka Dar au Nairobi, la kwanza kuulizia ni Ukuta. Wapelekeni, picha lazima wapige. Ila mkitaka waelewe jiji hili lilipasukaje, anzieni polisi. Ukuta ulijengwa 1961, polisi walikuwa wameshagawanyika tangu 1948.

Mimi nilianza vibaya. Miezi yangu ya mwanzo nilikuwa nasimulia kwamba 1945 washindi wanne wa vita (Marekani, Uingereza, Ufaransa na Urusi) waligawana jiji, kila mmoja akaweka polisi wake. Nikaendelea hivyo mpaka nikapata mgeni mmoja, mzee, polisi mstaafu wa kutoka Morogoro. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza taratibu: "Kijana, uhamisho wao alikuwa anasaini nani?" Sikuwa na jibu. Usiku ule sikulala, nilisoma.

Jibu ni kwamba alisaini mtu mmoja, na hakuwa upande wa Magharibi. Berlin ilisalimu amri kwa Warusi tarehe 2 Mei 1945. Wamarekani na Waingereza waliingia Julai. Kwenye miezi hiyo miwili Warusi walishapanga nyumba: mkuu wa polisi akawa Paul Markgraf, afisa wa jeshi la Hitler aliyetekwa Stalingrad na kugeuka upande akiwa mateka. Tarehe 11 Julai makamanda wa mataifa yote walipokaa pamoja, kwenye chombo kilichoitwa Kamandatura, walikubaliana amri ambazo Warusi walikuwa wameshatoa ziendelee kutumika. Wageni hawatashtuka hapo, wataona ni mambo ya makaratasi. Wasimamisheni. Mmarekani ana sekta yake, yaani kipande chake cha jiji, na vifaru vyake, lakini faili la askari anayepiga doria Kreuzberg, ndani ya sekta hiyo hiyo, liko kwenye kabati kule Alexanderplatz, kwa Warusi.

Kwa hiyo mahali pa kuanzia ni Keibelstraße, nyuma ya Alexanderplatz. Jengo lilikuwa ofisi kuu ya maduka ya Karstadt. Makao ya zamani ya polisi yalikuwa yameharibiwa na vita, wakahamia humo. Watu wengi hupita hapo bila kugeuza shingo. Waonyesheni madirisha, halafu waambieni kabisa: silaha ya humu ndani ilikuwa idara ya utumishi. Anayeajiri, anayepandisha cheo na anayefukuza ndiye mwenye polisi, hata kama bendera ya nje ni ya mwingine.

Uchaguzi wa Oktoba 1946 msiupite haraka. SPD, chama cha wasoshalisti wa kidemokrasia, walipata asilimia 48.7, na SED, chama cha Warusi, asilimia 19.8 tu. Wageni huuliza: sasa kwa nini hawakumwondoa Markgraf? Kwa sababu kuweka au kutoa vigogo wa jiji kulihitaji kibali cha mataifa yote manne, na Mrusi alisema hapana. Watu walikuwa wanachukuliwa mitaani wasionekane tena, na Novemba 1947 baraza la jiji likapiga kura ya kutokuwa na imani naye. Kesho yake akaenda ofisini kama kawaida.

Juni 1948 Warusi wakajitoa Kamandatura, sarafu zikawa mbili, barabara na reli za kuingia Berlin Magharibi zikafungwa. Tarehe 26 Julai, Ferdinand Friedensburg, aliyekaimu umeya kwa kuwa Louise Schroeder alikuwa mgonjwa, akamsimamisha Markgraf kazi na kumkaimisha Johannes Stumm. Markgraf akagoma kutoka, na Warusi wakasema barua ile haina nguvu. Stumm naye hakung'ang'ania kiti. Alifungua ofisi Friesenstraße, Kreuzberg, chini ya Wamarekani, na askari wengi wa sekta za Magharibi wakamfuata. Shukeni na wageni Platz der Luftbrücke mtembee kidogo. Ni jirani kabisa na uwanja wa Tempelhof, ambako ndege za chakula zilikuwa zikitua usiku na mchana.

Potsdamer Platz mimi huenda na chaki mfukoni. Sekta tatu zilikutana hapo, na soko la magendo lilistawi kwa sababu hiyo: ukija msako wa polisi wa upande huu, mlanguzi anaruka hatua mbili, tayari yuko kwa wengine. Agosti 1948 polisi wa Markgraf walianza kuwafuata mpaka ng'ambo, kukawa na risasi, na Waingereza wakapaka mstari mweupe barabarani. Chora wako, waambie wageni wasimame pande zote mbili. Watoto ndio hulielewa upesi. (Ufute ukimaliza. Mimi nimewahi kugombezwa.)

Parochialstraße iacheni mwisho. Baraza la jiji lilikuwa likikutana hapo, ndani ya sekta ya Warusi. Tarehe 6 Septemba 1948 waandamanaji wa SED walilivamia jengo, na polisi wa Stumm waliokuja kulinda kikao, wamevaa kiraia, wakazingirwa ndani. Wakakimbilia vyumba vya maafisa wa mataifa ya Magharibi. Jenerali Ganeval, kamanda wa Wafaransa, alipewa ahadi na mwenzake Mrusi, Jenerali Kotikov, kwamba waliojificha kwa Wafaransa wataondoka salama. Wakatolewa usiku kwa magari, hawakufika mbali, wakakamatwa.

Yule mzee wa Morogoro nilimpigia simu baadaye kumpa jibu la swali lake, nikamsimulia na hili la Parochialstraße. Alitaka kujua kitu kimoja tu: ile ahadi iliandikwa, au ilikuwa ya mdomo?