Mechi 41 za Gift Ngoepe si haba

Mkuu, umeandika kwamba mchezaji aliyeishia mechi 41 katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani "hakufika popote", ukamtolea mfano Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Napinga kabisa. Nimewahi kufanya kazi za jioni jikoni katika uwanja wa Victory Field, Indianapolis, ambako timu ya nyumbani hucheza Triple-A, daraja la mwisho kabla ya ligi kuu. Wachezaji wake ni mali ya Pittsburgh Pirates, timu ya ligi kuu.

Vijana wa pale si wabovu hata kidogo. Ni watu waliokuwa bora kuliko wote walikotoka, sasa wanasubiri nafasi. Enzi za Ngoepe kikosi cha ligi kuu kilikuwa na wachezaji 25 kwa sehemu kubwa ya msimu, kwa hiyo ili mmoja apande, mara nyingi lazima mwingine aumie, afungiwe au ashushwe. Wengi husubiri mpaka wanaacha mchezo.

Ngoepe alikulia Randburg, karibu na Johannesburg. Mama yake alifanya kazi kwenye klabu ya besiboli, na familia ikaishi katika chumba hapohapo klabuni. Pirates walimsajili 2008. Sifa yake kubwa ilikuwa kudaka: mpira uliotambaa chini kwa kasi ulikuwa chakula chake. Kupiga mpira kwa gongo ndiko kulikomtesa, na hilo ndilo lililomweka madaraja ya chini karibu miaka 9. Mama yake alifariki 2013, hakuiona siku mwanawe alipopanda ligi kuu.

Siku hiyo ni 26 Aprili 2017. Pirates walicheza na Chicago Cubs, mabingwa wa 2016. Akaingizwa katikati ya mechi, akawa Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa barani kwetu kucheza ligi kuu. Mrushaji, yaani anayemtupia mpira mwenye gongo, alikuwa Jon Lester, mmoja wa warushaji hodari wa zama zile. Mara ya kwanza kushika gongo, Ngoepe akaupiga mpira ukapita katikati, akafika kituo cha kwanza salama. Pirates wakashinda 6-5.

Mwaka ule alicheza mechi 28, wastani wa .222, yaani mapigo 2 kwa kila majaribio 9. Ni wastani mdogo, sikatai. Mwaka 2018 akapata mechi 13 na timu ya Toronto Blue Jays, basi. Lakini 2019 Tayler Scott, naye wa Afrika Kusini, akapanda kama mrushaji, na safari hii hakuna aliyeweza kumwambia kwamba Mwafrika hajawahi kufika.

Mwishoni uliuliza kama pesa za ligi kuu na za Triple-A zinatofautiana: tofauti ni kubwa mno. Mwaka 2024 kima cha chini cha ligi kuu kilikuwa dola 740,000 kwa msimu. Cha Triple-A kilikuwa kama dola 35,800. Na ukitimiza siku 43 katika kikosi cha ligi kuu, unastahili pensheni.