Wewe mwenye kilo 138: irudishe hiyo pakti ya kupunguza uzito kabla hujaifungua

Irudishe. Usionje hata kijiko. Huyo aliyekuuzia akigoma kurudisha hela, hesabu umepoteza hela tu, shukuru Mungu, endelea na maisha.

Maswali yako yote nimeyasoma, mdogo wangu: uanzie jimu au nyumbani, asubuhi ule nini, viatu gani, ngozi italegea au la. Waliotangulia wamekujibu kwa upole wao. Mimi nimekwama kwenye ule mstari wa mwisho ulioupitisha kimya kimya kana kwamba si kitu: "nimeshachukua pakti ya siku 21, ni juisi na chai tu, nimeambiwa kilo 20 zinatoka kabla ya harusi ya dada mwezi ujao." Watu wote hawa wamechangia na hakuna aliyeshtuka! Kuna wawili wanakuomba namba ya muuzaji!

Chukua kalkuleta. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori kama 7,700. Kilo 20 ni 154,000. Gawa kwa siku 30, unapata zaidi ya 5,100 kila siku. Mwili wa kilo 138 wa mtu anayeshinda amekaa unatumia kama nusu ya hizo, labda na kidogo juu. Kwa hiyo hata ukijiziba mdomo kwa plasta mwezi mzima, kilo 20 za mafuta hazitoki. Sasa hao wanaotuma picha za "kabla na baada" wametoa nini? Maji, misuli na kilichokuwa tumboni. Wanga tunaohifadhi kwenye ini na kwenye misuli unakaa pamoja na maji, gramu moja kwa kama tatu, ndiyo maana wiki ya kwanza ya dayati yoyote ile, hata ya kijinga, mzani unaporomoka na unajiona umeshamaliza kazi.

Hayo nayajua vizuri kwa sababu mimi nilijiona nimeshamaliza kazi.

Nilikuwa na kilo 146. Nauza vifaa vya umeme Kariakoo, kazi ya kukaa kwenye stuli tangu asubuhi, chai inanifuata pale pale, wali wa mama ntilie unanifuata pale pale, soda ndiyo usiseme. Kuna mtu nilimpata kwenye kundi la WhatsApp, anajiita mtaalamu wa lishe, picha amevaa koti jeupe na kifaa cha kusikilizia mapigo shingoni. Mpaka leo sijui alikuwa anasikiliza mapigo ya nani. Akaniuzia pakti laki na nusu: unga wa kijani wa kuchanganya na juisi, na majani ya chai ya "kuondoa sumu". Masharti: hakuna ugali, hakuna nyama, hakuna tone la mafuta. Nikifanya kosa kwenye hilo la mwisho alikuwa ananigombeza kwa sauti ndefu za dakika tano. Mafuta ndiyo adui, bosi, mafuta ndiyo yamekufikisha hapo.

Mwezi wa kwanza nilitoa kilo 14. Suruali zinadondoka. Majirani wa dukani wananipongeza, shemeji ananiomba namba ya mtaalamu, na mimi mjinga nikawa nampelekea wateja bure. Mwezi wa pili nikaendelea hivyo hivyo.

Hiyo chai kwanza niimalize haraka. Kwenye boksi, kwa maandishi ya kuhitaji miwani, iliandikwa senna. Senna ni dawa ya kuharisha. Inafanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati chakula kimeshanyonywa huko juu kwenye utumbo mwembamba, kwa hiyo kalori zako karibu zote unabaki nazo. Unachopeleka chooni ni maji na chumvi za mwili, potasiamu ikiwemo, na potasiamu ikishuka sana ni moyo unaoanza kwenda mrama. Nilikuwa napiga kona chooni kama mtu mwenye kipindupindu nikijisifu kwamba sumu zinatoka. Sumu gani? Hakuna aliyewahi kunitajia jina la hata moja.

Lakini chai ilikuwa ya kunidhalilisha tu. Kilichonimaliza ni lile sharti la mafuta pamoja na ile kasi.

Sikiliza vizuri hapa, ndicho kilichonileta. Una kifuko kidogo chini ya ini, upande wa kulia, kinachohifadhi nyongo. Ukila chakula chenye mafuta, kifuko kinajikamua na kumwaga nyongo ikayeyushe yale mafuta. Ukipungua mbio, ini linasukuma kolesteroli nyingi kuliko kawaida kwenye hiyo nyongo. Na kama wakati huo huo huli mafuta kabisa, kifuko hakina sababu ya kujikamua. Nyongo inakaa humo, nzito, haiendi popote, mpaka inaanza kushikana kama mafuta ya nazi kwenye chupa asubuhi ya baridi. Tofauti ni kwamba haya ukianika juani hayayeyuki. Yanakuwa mawe. Hili si fumbo, madaktari wanalijua miaka mingi: ukivuka kama kilo moja na nusu kwa wiki, uwezekano wa kupata mawe ya nyongo unapanda. Kwa watu wanene tayari uko juu hata kabla ya dayati, na kwa wanawake uko juu zaidi. Sijui wewe ni kaka au dada, jina lako la humu halisemi.

Maumivu yalinianza usiku, baada ya pilau ya shughuli ya jirani, siku niliyoamua kujizawadia. Chini ya mbavu za kulia, yanapita hadi mgongoni na kwenye bega. Siyo ya kuchoma, ni ya kubana, yanapanda, yanakaa saa kadhaa, unatapika, kisha yanaachia kama vile hayakuwepo. Zahanati ya mtaani wakaniambia vidonda vya tumbo, wakanipa vidonge vya kupunguza asidi. Nikavimeza wiki kadhaa. Hapo hakuna aliyeniuliza nimepungua kiasi gani, na mimi sikusema, kwa sababu nilikuwa naona kupungua ni habari njema.

Altrasaundi ndiyo ikasema ukweli: mawe, mengi, madogo madogo.

Mtu mwenye akili angeenda kwa daktari wa upasuaji. Mimi nilirudi kwa mtaalamu wangu wa WhatsApp! Akanijibu bila hata kusita kwamba ana dawa ya kuyeyusha. Laki nyingine. Mafuta ya zeituni kikombe kizima na ndimu, unakunywa usiku, unalala ubavu wa kulia. Asubuhi nikatoa vipira vya kijani, laini, vingi. Nilifurahi mpaka nikavipiga picha. Ndiyo, nilipiga picha kinyesi changu nikamtumia mwanaume mwenzangu, tena akaiweka kwenye kundi kama ushuhuda. Chekeni, nimeshazoea. Vile vipira si mawe. Ni yale yale mafuta na ndimu niliyokunywa, yameungana humo tumboni yakawa mfano wa sabuni. Mawe yangu yalikuwa yamekaa palepale, na kikombe kizima cha mafuta kimekwenda kukikamua kifuko kilichojaa mawe.

Siku chache baadaye macho yakawa njano na mkojo rangi ya soda nyeusi. Jiwe lilikuwa limetoka kwenye kifuko likaziba mrija. Hospitali wakaniambia jiwe likikaa pale linaweza kuvimbisha na kongosho, na watu hufa kwa hilo. Nikalazwa, jiwe likatolewa, kisha kifuko chenyewe kikaondolewa. Bima sina. Kulikuwa na bajaji niliyompa kijana aendeshe aniletee hesabu kila jioni; iliuzwa wiki hiyo hiyo, kwa bei ya mtu aliyeona nina shida. Huyu mtaalamu nilipompigia akasema mwili wangu "ulikuwa na sumu nyingi kuliko kawaida", halafu akaniondoa kwenye kundi. Bado yupo hewani. Koti lile lile.

Na zile kilo? Zilirudi zote, na za ziada. Nilipungua misuli, nikaongezeka mafuta.

Basi kanuni yangu ni moja, nimeilipia bajaji nzima, wewe unaipata bure: KILO MOJA KWA WIKI. Wiki mbili za mwanzo usizihesabu, hizo ni za maji. Baada ya hapo, mzani ukionyesha unashuka zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki, wiki mbili mfululizo, ONGEZA CHAKULA. Umesoma sawa. Ongeza. Na kila siku uwepo mlo angalau mmoja wenye kijiko kikubwa cha mafuta, au kipande cha parachichi, au karanga kiganja, ili kile kifuko kijikamue. Kijiko kikubwa cha mafuta kina kama kalori 120, hakitakuua. Wanaokuambia mafuta sifuri wakimbie.

Utasema kilo moja kwa wiki ni ndogo, harusi inakaribia. Harusi nenda na hizo kilo 134, shona nguo ya saizi yako, cheza muziki, kula. Dada yako anaolewa yeye, hakuna atakayekuweka kwenye mzani ukumbini. Kilo moja kwa wiki ni kilo 50 kwa mwaka! Nani huku amekuahidi kilo 50 na akazitoa? Mimi nimefika 97 kwa mwendo huo, kuna miezi haikushuka hata moja, na bado nimefika.

Kuipata hiyo kilo moja unahitaji upungufu wa kalori kama 1,100 kwa siku, na kwa uzito wako huhitaji kufa njaa. Anza na vinywaji. Mimi nilikuwa nakunywa chai vikombe vitano, vijiko vitatu vya sukari kila kimoja. Vijiko 15, kama gramu 60 za sukari, kalori 240, bila kuhesabu maandazi yanayoisindikiza. Ongeza soda mbili. Hapo sijagusa chakula na nimeshamaliza karibu nusu ya kazi. Juisi nayo hesabu kwenye sukari, hata ukiikamua mwenyewe kwa upendo. Ile ya parachichi na maziwa na asali inayouzwa kama "ya dayati" usiiguse, parachichi kubwa moja peke yake linapita kalori 300.

Sahani: nusu mboga, mchicha au matembele au kabichi, isiogelee kwenye mafuta. Robo maharage, samaki, dagaa, mayai, kuku. Robo ugali au wali. Ugali huna haja ya kuuacha, upunguze, mimi nimekula ugali kila siku katika safari yote hii. Protini usiibanie, ndiyo inayolinda misuli na ndiyo inayokaa tumboni muda mrefu. Dagaa ni rahisi, hakuna kisingizio.

Mazoezi: tembea. Usikimbie, magoti yako yatakushtaki. Kila kilo unayopungua inaondoa kama kilo nne za mzigo kwenye goti kila hatua, kwa hiyo subiri, kukimbia kutakuja. Shirika la Afya Duniani linasema dakika 150 kwa wiki, wewe anza na kumi kwa siku uone. Kaa na kuinuka kwenye kiti, sukuma ukuta, basi. Jimu ukipenda nenda, lakini usitegemee jasho likulipie chakula: nusu saa ya kutembea haimalizi soda moja na maandazi mawili.

Kabla ya yote kapime. Umesema sukari iko mpakani. Pima tena, pima presha, na omba altrasaundi ya tumbo, maana mawe yanaweza kukaa kimya miaka bila kuuma na ni bora ujue mapema. Kama kuna dawa yoyote unatumia, mwambie daktari unapunguza chakula. Mtu aliye kwenye dawa za kisukari kama insulini au glibenclamide akikata wanga ghafla sukari inaweza kumshuka akaanguka barabarani. Dawa za presha nazo huwa zinahitaji kupunguzwa kadiri unavyopungua, na anayepunguza ni daktari, si wewe na si mimi.

Viatu sina utaalamu navyo. Zangu ni raba za mtumba, nilizipata soko la Mchikichini, soli nene. Nenda asubuhi, vaa zote mbili, usijaribu moja tu, na tembea nazo hapo hapo kabla hujatoa hela. Na ukishairudisha hiyo pakti rudi hapa utuambie amekujibu nini.