Anayezomewa ni Nahodha, Anayelipa ni Timu

Mhariri,

Mmeuliza wiki hii: nahodha anayezomewa na mashabiki wa klabu yake mwenyewe anyamaze, ajibu, au afungashe virago? Najua wengi watamshauri anyamaze, kwa kuwa mtu mkimya huonekana amekomaa. Mimi naona yote matatu yanaweza kuwa sawa na yote yanaweza kuwa makosa. Ninachokitazama ni gharama: jibu lake, liwe la mdomo au la vitendo, anayelilipia ni nani? Akilipa yeye peke yake, ajibu tu, naye ni mtu. Ikiwa watakaolipa ni wenzake walio uwanjani, hapo kitambaa cha unahodha kimemshinda.

Nasema hivyo kwa sababu ya cheo chenyewe kilivyo. Sheria ya 3 ya soka inaeleza kwamba nahodha hana hadhi ya pekee wala upendeleo wowote, ila ana kiasi cha wajibu kwa mwenendo wa timu yake. Yaani mzigo upo, marupurupu hakuna. Kwenye Euro 2024, mashindano ya mataifa ya Ulaya, UEFA, shirikisho la soka la huko, waliongeza jambo jingine: nahodha peke yake ndiye anayeruhusiwa kumwendea mwamuzi kutaka maelezo, na mwingine akimzonga anaoneshwa kadi ya njano. Kwa hiyo hata kulalamika timu imemkabidhi mtu mmoja. Aliyekabidhiwa hayo hawezi kuzifanya hasira zake kuwa mali yake binafsi wakati mpira bado unachezwa.

Tuanze na Granit Xhaka, maana sijaona kisa kinachofaa swali lenu kuliko hiki. Oktoba 27, 2019, Arsenal wako nyumbani na Crystal Palace. Walitangulia kwa mabao mawili mapema kabisa, Palace wakarudisha yote. Dakika ya 61 kibao kinainuliwa, namba ya Xhaka inatoka. Ana mwezi mmoja tu tangu apewe unahodha na kocha Unai Emery, baada ya wachezaji wenzake kumpigia kura. Baadhi ya mashabiki wanashangilia kutolewa kwake. Yeye anatembea taratibu, kelele zinageuka kuwa zomeazomea, anawapungia mikono waongeze sauti, anaweka kiganja sikioni, anavua jezi na kunyoosha moja kwa moja hadi chumba cha kubadilishia nguo. Mechi iliisha 2-2. Novemba akavuliwa unahodha.

Wakati ule lawama zote ziliangukia kile kiganja cha sikioni na ile jezi. Mimi kiganja hakinisumbui. Baadaye yeye mwenyewe alieleza kwamba alikuwa akitumiwa matusi yaliyomgusa hadi mkewe na mtoto wake, na jambo hilo halina uhusiano wowote na kukosoa pasi mbovu. Hakuna kitambaa kinachomlazimisha mtu kuyameza hayo. Kinachonisumbua ni zile hatua za taratibu. Timu ilikuwa inatafuta bao la ushindi, imebaki nusu saa, na nahodha anazila sekunde za wenzake kwa sababu ana ugomvi na jukwaa. Kiganja alikilipia mwenyewe. Mwendo ule uliwagharimu wenzake.

Lakini msiishie hapo na Xhaka, kama wengi walivyoishia. Januari 2020 alikuwa mlangoni, anaelekea Hertha Berlin, kocha mpya Mikel Arteta akamshawishi abaki. Akabaki bila kurudishiwa unahodha wa kudumu, akabeba Kombe la FA mwaka huohuo. Mei 28, 2023, katika uwanja uleule, aliifunga Wolves mabao mawili kwenye ushindi wa 5-0 na mashabiki wakamwimbia asiondoke. Akaondoka zake kwenda Bayer Leverkusen, na msimu wake wa kwanza huko wakatwaa ubingwa wa Ujerumani bila kupoteza hata mechi moja ya ligi. Mwaka 2025 Sunderland, waliokuwa wamepanda daraja, walimsajili na kumpa unahodha. Mtu aliyeonekana hana akili ya uongozi akakabidhiwa timu nyingine aiongoze.

Sasa linganisha na Tony Adams, naye wa Arsenal, aliyepewa kitambaa mwaka 1988 akiwa na miaka 21. Magazeti yalimchora kama punda, na viwanja vya ugenini vikamrushia karoti na kumlilia kama punda. Hao ni mashabiki wa wapinzani, najua, na mmeuliza kuhusu mashabiki wa nyumbani. Namleta kwa sababu nyingine. Lawama ile ya punda haikuwa na maana yoyote; aliijibu kwa kutwaa ubingwa mwaka 1989, 1991, 1998 na 2002, miongo mitatu tofauti, na mechi 669 kwa klabu moja. Lawama iliyokuwa ya kweli ni pombe. Alifungwa jela mwishoni mwa 1990 kwa kuendesha gari akiwa amelewa. Kisha Septemba 1996 akasimama mbele ya wachezaji wenzake na kuwaambia kwamba yeye ni mlevi na anahitaji msaada. Pale pale chumbani, mbele ya watu waliokuwa wakiulipia ulevi wake kila siku ya mazoezi. Kwangu mimi uongozi wa Adams unaanza hapo kuliko kwenye makombe, ingawa najua makombe ndiyo yanayohesabika.

Kuna upande ambao swali lenu limeuacha: nahodha naye hukosoa. Wakati mwingine yeye ndiye anayezomea.

Roy Keane, aliyekuwa nahodha wa Manchester United, ndiye mtu wa kumtazama hapa. Aprili 21, 1999, Turin, marudiano ya nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, Manchester United wako nyuma 2-0 mbele ya Juventus kabla hata dakika 15 hazijafika. Keane anafunga kwa kichwa. Muda mfupi baadaye anaoneshwa kadi ya njano, na kwa kadi hiyo fainali hatacheza. Mtu mwingine angezima. Yeye akaongeza kasi, United wakashinda 3-2, fainali akaitazama akiwa nje na wenzake wakalibeba kombe. Ukitaka kujua mapenzi ya klabu yanafananaje uwanjani, tafuta mechi ile.

Mtu huyohuyo, Oktoba 2005, timu imetoka kupigwa 4-1 na Middlesbrough yeye akiwa majeruhi, anakwenda kwenye televisheni ya klabu na kuwachambua wenzake mmoja mmoja. Kipindi hakikurushwa. Novemba akawa ameondoka, baada ya miaka 12. Watetezi wake husema alizungumza kwenye chombo cha klabu yenyewe, na kwamba alichosema kilikuwa kweli. Nakubali yote mawili, tena Desemba ile United walimaliza mkiani mwa kundi lao Ulaya. Lakini mwaka 1999 Keane aliwadai wenzake jasho huku naye akilitoa. Mwaka 2005 alikuwa na mguu mbovu, amekaa kitini, anadai asichoweza kukitoa wiki ile. Ukweli uleule, ukisemwa chumbani na mtu atakayecheza nao Jumamosi, una uzito mwingine kabisa.

Nije kwenye kufungasha virago. Hapa mashabiki tuna unafiki, niseme wazi. Tunamtaka nahodha aape kwa jezi maisha yake yote, wakati klabu haijawahi kuapa lolote kwake. Alessandro Del Piero alitoka kubeba Kombe la Dunia na Italia mwaka 2006, Juventus wakashushwa daraja kwa kashfa ya waamuzi, naye nahodha wao akashuka nao hadi Serie B, daraja la pili la Italia. Alifunga mabao 20, akawa mfungaji bora wa daraja hilo, wakarudi. Mwaka 2011 rais wa klabu akatangaza mbele ya wanahisa kwamba msimu ule ungekuwa wa mwisho kwa Del Piero. Jordan Henderson, kabla hajawa nahodha, naye aliambiwa mwaka 2012 kwamba Liverpool wako tayari kumtoa ili wampate Clint Dempsey wa Fulham. Alikataa, akabaki kupigania namba, na mwaka 2020 ndiye aliyeinua, kama nahodha, kombe la ubingwa wa ligi lililosubiriwa kwa miaka 30. Angekubali kuondoka, nani angemlaumu?

Na kubaki pekee si ushahidi wa lolote. Francesco Totti, nahodha wa Roma, sihitaji kumsifu: misimu 25, mechi 786, mabao 307, yote Roma. Februari 2016, akiwa na miaka 39, alilalamika kwenye televisheni kwamba hachezeshwi, na kocha Luciano Spalletti akamwondoa kambini kabla ya mechi na Palermo. Uwanja ulimshangilia Totti na kumzomea kocha. Roma wakashinda 5-0 bila yeye. Nampenda Totti, lakini siku ile kocha alikuwa sahihi, na kelele za mashabiki zilikuwa zikiwaelemea wachezaji waliokuwa wakifunga. Jibu zuri lilikuja Aprili 20, alipoingizwa dakika ya 86 Roma wakiwa nyuma 2-1 kwa Torino. Akafunga kwa mguso wake wa kwanza, akaongeza penalti, ikawa 3-2. Bili ile hakulipa mtu mwingine isipokuwa Torino.

Kuhusu kama kunyamaza kunasaidia, jibu langu linatoka kwa Paolo Maldini, nahodha wa Milan. Mei 24, 2009, mechi yake ya mwisho San Siro, Milan na Roma. Ana mechi zaidi ya 900 kwa klabu moja na makombe matano ya Ulaya. Sehemu ya Curva Sud, jukwaa la mashabiki sugu wa Milan, ikamzomea na kutandaza mabango ya kumsuta, na nyingine ikamsifu Franco Baresi, nahodha aliyemtangulia, badala yake. Ugomvi wao naye ulikuwa wa miaka. Hakuna kiwango cha uaminifu kinachomkinga nahodha, kwa hiyo asicheze akitafuta kinga hiyo. Wiki moja baadaye Milan walikuwa na mechi ya mwisho ya msimu ugenini kwa Fiorentina, nafasi ya tatu ikiwa bado inagombewa. Maldini alicheza. Walishinda 2-0, wakaingia Ligi ya Mabingwa bila kupitia mchujo, na waliomzomea wakapata timu ya kuishangilia Ulaya msimu uliofuata.