Rais aliyewekewa bastola: je, saini yake inahalalisha mauaji?

SWALI: Shikamoo Wakili. Naandika uhakiki wa "Precipice", kipindi cha msimu wa tatu wa tamthilia ya Battlestar Galactica kilichorushwa Oktoba 2006. Wanadamu wamehamia sayari ya New Caprica na sasa wanatawaliwa kijeshi na Wacylon, viumbe waliotokana na roboti za wanadamu wenyewe. Baada ya mtu kujilipua kwenye mahafali ya polisi, wanadamu wanaowatumikia Wacylon, Wacylon wanakamata watu usiku, kisha wanamwekea Rais Baltar bastola kichwani mpaka atie saini amri ya kuwaua. Nimeandika kwamba mauaji yale ni ya kikatili lakini ni halali kisheria, kwa kuwa rais aliyechaguliwa aliyaidhinisha. Mwenzangu anasema nimepotoka. Sheria inasemaje?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba. Mwenzako yuko sahihi. Naomba hiyo sentensi uiondoe kabla uhakiki haujatoka, maana ndiyo hoja ambayo watu wengi wenye mamlaka wangependa tuiamini.

Ibara ya 47 ya Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949, unaowalinda raia wakati wa vita, inasema raia wa eneo linalokaliwa na jeshi la kigeni hawanyang'anywi ulinzi wao kwa mabadiliko yoyote ya serikali yao, wala kwa makubaliano yoyote kati ya viongozi wao na jeshi hilo. Walioandika maneno hayo walikuwa wametoka kushuhudia serikali ya Vichy kule Ufaransa na ya Quisling kule Norwei, wenyeji waliokuwa wakitia saini kwa niaba ya Wajerumani. Kwa hiyo hata tuiondoe bastola, Baltar atie saini kwa hiari na kwa tabasamu, jibu halibadiliki. Hakuwa na uwezo wa kutoa ruhusa hiyo.

Sheria inamtazama aliyeshika mamlaka yenyewe. Kanuni za Hague za 1907, Ibara ya 42, zinahesabu eneo kuwa limekaliwa pale linapokuwa kweli chini ya mamlaka ya jeshi la adui. Mfano wa karibu tunao. Mwaka 1999 kamanda wa jeshi la Uganda aliyekuwa Kongo aliteua gavana wa jimbo jipya la Kibali-Ituri. Kesi ilipofika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, Uganda ilikana kwamba ilikuwa ikilikalia eneo hilo, ikasema makundi ya Wakongo wenyewe ndiyo yaliyoliendesha. Hukumu ya Desemba 2005 ilikataa. Uteuzi ule wa gavana, uliodhaniwa ni pazia, mahakama iliuhesabu kuwa ushahidi wa wazi kwamba Uganda ilikuwa na mamlaka Ituri, na ikaiwajibisha pia kwa kutozuia ukatili uliofanywa na makundi mengine. Mwaka 2022 iliamriwa kulipa fidia ya dola milioni 325.

Sasa tuje kwenye malori yanayowapeleka waliokamatwa kuuawa. Laura Roslin, mwalimu na rais wa zamani, yumo. Tom Zarek, mwanasiasa, yumo. Cally, mama wa mtoto mchanga, yumo. Angalia kwa makini utaona hakuna anayesomewa shtaka. Hakuna hakimu katika kipindi kizima. Jeshi linalokalia linaruhusiwa kumweka mtu kizuizini kwa sababu za lazima za usalama, lakini mtu huyo ana haki ya kukata rufaa, na uamuzi upitiwe tena mara kwa mara, ikiwezekana kila miezi sita. Adhabu ya kifo ina mlango mwembamba zaidi: ujasusi, hujuma nzito dhidi ya mitambo ya kijeshi, au kosa la makusudi lililosababisha kifo, tena iwe kosa hilo lilikuwa na adhabu ya kifo katika sheria za eneo lile kabla jeshi halijaingia. Aliyekuwa chini ya miaka 18 wakati wa kosa haguswi. Mshtakiwa apewe wakili. Na hata akishahukumiwa, kwa kawaida hanyongwi mpaka ipite miezi sita tangu nchi isiyofungamana inayosimamia maslahi ya raia hao ipate taarifa ya hukumu. Ukiyaweka haya yote kando ya yale malori yanayosimama nyikani, abiria wanashushwa wanyooshe miguu, ndipo utajua mtunzi amekuonyesha nini. Kuwaua hawa kwa kosa la aliyejilipua ni adhabu ya pamoja, na Ibara ya 33 ya Mkataba huo wa Geneva imeikataza bila kuacha mwanya.

Usiwasahau polisi waliolipuliwa. Polisi wa kulinda amani mitaani ni raia, na kuwashambulia ni kosa. Wakishatumwa kuwasaka wapiganaji, kama wanavyofanya wale wenye vinyago vya usoni, ulinzi wao unaanza kuyeyuka. Kipindi kimeacha suala hili wazi na naona kimefanya vyema.

Kuhusu maneno ya kutumia: usiandike "Wacylon walivunja Mkataba wa Geneva", kwani New Caprica haina Geneva. Andika kwamba dola yoyote ya leo ikifanya hivyo, ni mauaji ya makusudi ya watu wanaolindwa, uvunjaji mzito chini ya Ibara ya 147, na kila nchi mwanachama ina wajibu wa kuwasaka waliotoa amri.

Limebaki swali ambalo hukuniuliza, nami ningelipa nafasi kubwa kuliko yote katika uhakiki: Baltar mwenyewe ana hatia? Dražen Erdemović alikuwa askari wa Waserbia wa Bosnia aliyeshiriki kuwaua mateka wa Srebrenica mwaka 1995. Alieleza kwamba alikataa mwanzoni, akaambiwa kama anawahurumia basi asimame nao kwenye mstari. Kitengo cha rufaa cha mahakama ya kimataifa ya uhalifu uliofanywa katika Yugoslavia ya zamani, Oktoba 1997, kiliamua kwa kura tatu dhidi ya mbili kwamba kutishiwa kifo hakumfutii hatia askari aliyeua wasio na kosa, ingawa kunapunguza adhabu. Mwishowe alifungwa miaka mitano. Jaji Antonio Cassese alikuwa mmoja wa wawili waliopinga. Aliona sheria haipaswi kumdai mtu afe bure ikiwa wahanga wangeuawa tu hata bila yeye. Wacylon walikuwa na bunduki na malori tayari, lakini waliitaka saini kiasi cha kumtishia mtu kwa ajili yake. Je, wangeua bila hiyo saini? Mimi nadhani wangeua, ila wewe umekitazama kipindi kwa karibu zaidi, na jibu lako ndilo litakaloamua unasimama upande wa Cassese au wa wenzake watatu.