Kwa nini maumivu ya mfuko wa nyongo yanang'ang'ania, hayaji na kuondoka

Mkuu umeuliza inakuwaje daktari anakwambia mfuko wa nyongo ndio unabana wakati maumivu yako hayaji kwa vipindi kama tumbo la kuharisha, yanakaa palepale masaa. Hilo swali lilinitesa miaka miwili, ngoja nikujibu kwa niliyopitia.

Mimi nauza samaki Mwaloni Kirumba. Nikila sangara wa kukaanga usiku, yule mwenye mafuta, baada ya kama saa moja linaanza chini ya mbavu za kulia, linapanda taratibu mpaka nyuma kwenye bega la kulia, na likishafika juu halishuki, masaa mawili matatu nimejikunja tu chini kwenye mkeka. Zahanati wakawa wananipa dawa za vidonda vya tumbo mpaka nikachoka.

Sasa iko hivi. Ukila mafuta, utumbo mdogo pale mwanzoni unamwaga kwenye damu homoni inaitwa kolesistokinini, hiyo ndo inauambia mfuko ubane na huku mlango wa Oddi, ule msuli wa duara unaofunga njia ya nyongo pale inapoingia kwenye utumbo, ulegee ili nyongo ipite. Mfuko wenyewe mdogo, wa mtu mzima unabeba kama mililita 30 hadi 50, na msuli wake sio kama wa mkono, ni msuli laini, kalsiamu ikipanda ndani ya seli nyuzi zinashikana na zikishashikana zinaweza kubaki hivyo muda mrefu bila kula nguvu nyingi, kama mtu aliyezungushia kamba ya mtumbwi kwenye kisiki, havuti tena ila mtumbwi hauendi popote. Utumbo unasukuma kwa mawimbi, mfuko unabana na kushikilia. Kwa hiyo jiwe, yaani nyongo iliyoganda humo ndani, likiziba shingo ya mfuko nyongo haina pa kutokea, presha inapanda, ukuta unavutika, na maumivu yanabaki juu mpaka msuli ulegee au jiwe lirudi ndani.

Kuna na upande wa pili ambao watu hawausemi, msuli ukiwa mvivu ndo mawe yanapata nafasi. Kolestro ikizidi kwenye nyongo inapenya mpaka kwenye seli za msuli, unakuwa mzito kuisikia ile homoni, nyongo inalala humo inakuwa nzito. Wajawazito nao homoni ya ujauzito, projesteroni, inaulegeza. Ila usifikiri mawe yote ni ya mafuta, huku kwetu Kanda ya Ziwa seli mundu iko nyingi na damu ikivunjikavunjika inatengeneza mawe meusi hata kwa mtoto, kwa hiyo mwenye seli mundu akilalamika upande huo apimwe kabisa, isichukuliwe tu kuwa ni maumivu yake ya siku zote.

Ukiona homa inapanda au macho yanakuwa ya njano usisubiri asubuhi, nenda usiku huohuo.

Na kwenye altrasaundi nenda hujala, masaa 6 hadi 8. Mimi mara ya kwanza nilipitia chai ya maziwa na chapati stendi, nikafika mfuko umeshabana umesinyaa, mpimaji haoni kitu cha maana, nikaambiwa nirudi kesho. Kesho yake nikaenda na njaa, mfuko umejaa, mawe matatu yakaonekana.