Jicho limetulia, je, niache dawa za TB?

Dada wa Kayole, pole. Nimekuelewa: jicho liliwaka wekundu ukaona ukungu, ukaambiwa ni TB ingawa hukohoi, na sasa baada ya mwezi mmoja wa dawa limetulia.

Usiache, tafadhali. Mimi pia niliugua TB ya jicho, na sikukohoa hata siku moja. Bakteria wa TB husafiri kwa damu hadi jichoni. Matone ya steroidi hutuliza uvimbe tu, hayawaui. Dawa za TB humezwa angalau miezi 6, na kwa jicho daktari huweza kurefusha. Kliniki za serikali hazitozi dawa hizo.

Kinachonitia hofu zaidi ni etambutoli, mojawapo ya dawa za TB, maana inaweza kudhuru mshipa wa kuona. Kila asubuhi nilifunika jicho moja, nikatazama kitu chekundu na cha kijani, kisha jingine. Rangi zikififia au uoni ukipungua, nenda kliniki siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo macho yakigeuka manjano. Mkojo wa rangi ya chungwa husababishwa na rifampisini, dawa nyingine ya TB, usiogope.

Matone nayo usiyakatize mwenyewe. Yanaweza kupandisha presha ya jicho, kwa hiyo omba ipimwe kila ukirudi.